Mkunga na Beki Asiyecheka

Hodi yake na mguu wake viliingia pamoja. Watu wengine wa Kilwa Kivinje wakibisha hodi hungoja, hubisha tena, hukohoa kidogo. Yeye aliitoa hodi akiwa ameshavuka kizingiti, na mpaka useme karibu alikuwa ameketi na ameshaona kama sufuria zimeoshwa au hazijaoshwa. Alisema kazi ndiyo iliyomharibu. Mtoto akija hangoji mtu amalize kujifunga khanga, kwa hiyo yeye naye hakujifunza kusimama mlangoni.

Namwita Mkunga kwa sababu mji mzima ulimwita hivyo, hata baada ya kustaafu. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Jina lake la kweli nililiona mara moja tu, kwenye bahasha ya barua, nikaliona kama la mtu mwingine. Tulikaa naye jirani, uani kwetu na uani kwake vikitengwa na ua wa makuti, kwa miaka sita.

Wanawake waliojifungulia mikononi mwake walikuwa wakihadithiana maneno aliyowaambia kama watu wanavyohadithiana ajali walizonusurika. Mmoja, muuza mihogo pale sokoni, alikuwa leba akipiga kelele kwamba anakufa. Mkunga akamwambia, "Basi fanya upesi, kuna mwenzako anakitaka kitanda." Yule mama alinisimulia huku akicheka mpaka akashika mbavu. Watoto wake wanne walipokewa na Mkunga. Wa tano alipokewa na nesi mpole, mwenye sauti laini, aliyemwita mpenzi, na yule mama alilia akiuliza Mkunga yuko wapi.

Pole hakuitoa. Sikumsikia akimwambia mtu pole hata msibani. Aliingia, akaenda moja kwa moja jikoni, akaanza kuchagua mchele. Ukimshukuru alikujibu, "Sogea, unanizibia mwanga."

Mpira aliupenda kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akiupenda. Siku ya mechi alijitwika kiti cha plastiki cha buluu kichwani, akakiweka nyuma ya goli, akakaa amekunja nne. Vijana karibu wote wa timu ya pale aliwatoa yeye, na hakuwaacha wasahau. Mshambuliaji akipoteza nafasi, sauti yake ilisikika mpaka barabarani: "Huyo alitanguliza matako, nikamgeuza mimi! Ndiyo maana mpaka leo hajui goli liko upande gani!" Uwanja mzima ulicheka, na mshambuliaji mwenyewe. Mechi ikiisha kijana yule alikuja kuinamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kunja soksi zako vizuri, unaonekana kama mgonjwa."

Wageni waliposikia hayo walimwona mwanamke mkali asiye na haya. Wengi walibaki na picha hiyo hiyo.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nisingemjua zaidi ya sauti yake nyuma ya makuti.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, alizaliwa amekufa. Uchungu ulinishika asubuhi. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya chumvi alikofanya kazi, na simu haikumpata. Mkunga ndiye aliyetafuta gari, ndiye aliyepanda nami mpaka hospitali, na manesi wakamwacha aingie kwa kuwa walimjua. Hakuna aliyekosea. Daktari alikuja baadaye akanieleza yaliyotokea, alieleza vizuri na kwa heshima, na sikumbuki hata neno moja. Mume wangu alifika suruali ikiwa nyeupe kwa chumvi mpaka magotini. Alasiri ileile yeye na wanaume wengine walimzika. Mimi nilikuwa kitandani natazama feni ikizunguka, nikihesabu mapanga yake, matatu, nikarudia kuhesabu kana kwamba yangeongezeka.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina kitu. Watu walidhani nina huzuni, wakanisifu kwa subira. Ilikuwa ganzi. Niliwakaribisha waliokuja kulia, nikawapa maji, nikawauliza habari za watoto wao, nikawasindikiza mpaka njiani. Shuleni likizo ya uzazi ilikuwa imeshaandikwa, nikaachiwa yote. Ilikuwa huruma. Nikakaa ndani na likizo ya kulea, bila wa kulea.

Mume wangu alikwenda kazini akarudi, akaenda akarudi. Tukila tulizungumza juu ya mchuzi. Yule mtoto hatukumtaja. Tukilazimika sana tulisema "wakati ule."

Siku ya nne baada ya kurudi nyumbani, hodi na mguu viliingia. Mkunga hakukaa kwanza. Alifunga mlango, akaniambia nifungue blauzi, akatazama matiti yaliyojaa maziwa kama anavyotazama mtu tairi.

"Kitambaa cha maji baridi. Usikamue. Yatakauka yenyewe."

"Ndiyo, bibi."

Kisha akaketi, akatoa kitabu kwenye kikapu chake cha ukili, akanitupia mapajani. Kilikuwa kitabu chembamba, kimechakaa, jalada limegundishwa kwa gundi ya karatasi. Mkunga alikuwa na shoga yake Lindi mjini, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na mazoea ya kumwekea vitabu vya mapenzi alivyokwisha kuvisoma. Wawili hao walijuana kwa uzazi, kama Mkunga alivyojuana na nusu ya dunia.

"Nisomee," akasema.

"Miwani yako imepotea?"

"Macho yangu mazima kuliko yako. Nataka kusomewa. Wewe si mwalimu? Au mpaka nivae sare?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza nikasoma. Sikuwa na sababu ya kusoma wala ya kukataa.

Kilikuwa kisa cha mapenzi cha kuchekesha, cha beki mmoja wa timu ya mkoani ambaye mashabiki walimwita Zege. Walimwita hivyo kwa sababu hakucheka. Timu ikishinda hakucheka, akifunga goli hakucheka, watoto wakimkimbilia wapige naye picha aliubana mdomo kama mtu aliyemeza ufunguo. Wakasema anaringa. Wakasema ana damu baridi. Mtangazaji wa michezo wa redio ya pale, msichana mwenye ulimi wa pilipili, alimkejeli kila Jumamosi hewani, akisema hata mlingoti wa goli una uchangamfu kumzidi. Ukweli, ambao msomaji aliambiwa mapema na wengine wote kitabuni hawakuujua, ni kwamba Zege alikuwa mtu mpole, mwenye haya, aliyevunjwa meno mawili ya mbele na kiwiko cha kipa wake mwenyewe. Alivaa meno ya bandia ya bei rahisi ambayo yalichomoka kila alipocheka. Na huyo mtangazaji alimpenda kupita kiasi. Alisikiliza matangazo yake yote, matusi na yote, amelala chali na redio kifuani.

"Mjinga," akasema Mkunga. "Aende kwa daktari wa meno."

"Hajafika huko, bibi."

"Endelea."

Alikuja kila siku baada ya adhuhuri. Alisikiliza amekunja nne, kama uwanjani, na alizungumza na watu wa kitabuni kana kwamba wako nyuma ya goli. Mahali ambapo Zege anamtuma mtunza jezi wa timu, mzee asiyesikia vizuri, ampelekee msichana salamu, na mzee anamfikishia kwamba "beki anauliza kwa nini unanuka samaki," Mkunga alijipiga paja mpaka khanga ikamfunguka. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na safari hii nimsome mzee kwa sauti ya mzee.

"Sijui sauti ya mzee."

"Darasani unawasomeaje watoto? Kwa sauti hiyohiyo ya kutangaza msiba?"

Nikaitoa sauti ya mzee. Mkunga alicheka akafuta macho. Mimi sikucheka, sitaki kudanganya. Lakini kesho yake, kabla hajaniambia, nilimsoma mtangazaji kwa sauti ya puani, haraka haraka, na niligundua nilikuwa nimeifikiria sauti hiyo asubuhi nilipokuwa nikifagia. Lilikuwa jambo la kwanza nililolifikiria tangu feni.

Kwa mambo ya mpira alikuwa mkali kwa mwandishi. Ukurasa mmoja ulisema beki alikimbia na mpira kutoka goli lao mpaka la wapinzani bila kuguswa, Mkunga akaninyooshea kidole: "Huyu mwandishi hajawahi kukaa uwanjani. Andika pembeni hapo, uongo." Nikaandika, kwa kalamu nyekundu. Kwa mambo ya mapenzi alikuwa mkali zaidi. Wanaume wa vitabuni, alisema, wanaongea mno. Mume wake marehemu alimwambia neno moja zuri katika maisha yao yote, nalo alilisema akiwa na homa. Nilimuuliza neno gani. Akaniambia nigeuze ukurasa.

Wiki ya pili mama mkwe alikuja kutoka Mtwara. Napenda nimseme kwa haki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemshonea mjukuu wake vinguo, akaja navyo kwa kuwa hakujua avifanye nini, akaviweka chini ya begi lake nisivione, na mimi nikaviona. Alitaka mahali pa kuliweka lile jambo. Wanawake wawili watatu wa mtaani walimsaidia kupapata.

"Yule jirani yako ana jicho," akaniambia tukiwa jikoni. "Nimeambiwa kila akipita alikuwa anakutazama tumbo."

Ningeweza kusema kwamba mkunga hutazama matumbo kama fundi viatu anavyotazama miguu. Nilisema, "Chumvi iko wapi, mama?"

Siku ileile, baada ya adhuhuri, hodi na mguu. Mama mkwe akasimama katikati ya chumba.

"Dada, leo hapana."

"Hapana nini?"

"Mkwe wangu anapumzika."

"Namwona amekaa."

"Unamwona, ndiyo. Ulimwona na mimba pia. Ulimwona sana."

Mkunga akanitazama mimi. Kitabu kilikuwa mapajani mwangu, kidole changu kiko ndani ya ukurasa tuliofikia. Nilijua nani alitafuta gari. Nilijua nani aliushika mkono wangu njiani mpaka pete yangu ikamwachia alama. Nilikuwa na maneno yote, yako mahali pake, na sikusema hata moja. Haikuwa woga. Niliyatazama yale mambo kama yanayotokea katika nyumba ya watu wengine, na mimi napita njia.

"Haya," akasema Mkunga. Akavaa kandambili zake akaenda.

Maneno ya jicho yakatoka nje yakatembea. Nikasikia kwamba pale kisimani wanawake wenye mimba walijifunika khanga alipopita, wanawake ambao yeye ndiye aliyewatoa wakiwa watoto. Mechi iliyofuata alikaa nyuma ya goli na kiti chake cha buluu, na mtu mmoja akasogeza mtoto wake upande wa pili. Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyeniambia. Mkunga hakujibu. Mtu ambaye kila siku alimpigia Zege kelele, "Sema, mpumbavu, sema ni meno!", hakufungua mdomo kusema kwamba siku ile ndiye aliyekuwa nami. Lingemtoka kwa sentensi moja. Sikumwambia hivyo. Yeye ni mtu mzima, na mimi ndiye niliyekuwa na sentensi hiyo pia.

Kesho yake nilikuwa uani naanua nguo, mama mkwe amekwenda sokoni. Sauti ikatoka nyuma ya makuti.

"Tumefika wapi?"

Nilisimama na shuka mkononi.

"Kwenye kona," nikasema. "Zege anapanda kupiga kichwa."

"Haya, lete kitabu."

Nikakichukua ndani. Nilileta kigoda nikakaa upande wangu, yeye upande wake, nikimwona vipande vipande kupitia makuti, kipande cha khanga, kipande cha mguu. Hapo ndipo niliposoma sura ambayo watu walionijua baadaye wameisikia kwangu mara nyingi. Zege anaruka kupiga kichwa, mshambuliaji wa wapinzani anateleza na kuanguka kifudifudi kwenye dimbwi, na Zege, mtu asiyecheka, anashindwa kujizuia. Meno yanamchomoka yanaangukia kwenye nyasi mbele ya goli. Wapinzani wanayaona. Wanapiga yowe kwamba ni uchawi, timu ya wenyeji imezika meno ya maiti golini. Refa anasimamisha mchezo, anayaokota kwa kitambaa, anayainua juu, anauliza ya nani. Na juu ya jukwaa yuko mtangazaji na kipaza sauti chake, anatazama. Zege ameubana mdomo. Yuko radhi aitwe mchawi kuliko msichana yule amwone kibogoyo. Anainua mkono, anapewa kadi nyekundu kwa ushirikina, anatoka uwanjani kichwa juu, kimya, kama zege.

Mkunga alicheka mpaka kuku wake wakaruka juu ya ua. Mama mkwe, aliyekuwa anarudi na kapu la mihogo, akatokea mlango wa uani.

"Nani anacheka?"

"Jirani," nikasema.

Nilingoja afoke. Alisimama pale. Nami nikafanya kitu nisichokipanga, nikaendelea kusoma. Mama mkwe aliketi kizingitini, akatoa kisu, akaanza kumenya mihogo akiwa ametupa mgongo, mgongo mkubwa wa mtu asiyesikiliza. Kesho yake akapata shughuli uani saa ileile. Keshokutwa pia. Siku ya nne, tukiwa tunakula, bila kuniangalia, aliniuliza, "Sasa yule mtangazaji hajajua tu kwamba ni meno?"

"Bado, mama."

"Kiziwi wake angemwambia."

"Alimwambia. Alisema beki ana neno."

Mama mkwe akaweka kiganja mdomoni, mabega yakamtikisika.

Hawakusalimiana mpaka mwisho. Siku ya sura ya mwisho mama mkwe aliniambia nisome kwa sauti kubwa zaidi, upepo unachukua maneno, na upepo haukuwepo. Mbele ya kamati ya chama cha mpira, Zege alifungua mdomo akaonyesha pengo. Mtangazaji alicheka, kisha akalia, kisha akaenda redioni akawaambia wasikilizaji wote kwamba amemwonea mtu miaka miwili. Wakaoana. Kwenye picha ya harusi bwana harusi alicheka mdomo wazi, meno yake yakiwa mfukoni mwa mtunza jezi.

"Amemsamehe haraka mno," Mkunga akasema kutoka upande wake.

"Ulitaka afanye nini?" Huyo alikuwa mama mkwe. Nafikiri lilimponyoka.

Nilimwona Mkunga, kupitia makuti, akijifunga khanga upya.

"Angekaa hata wiki mbili," Mkunga akajibu mwishoni. "Amwache asikie kidogo."

Mama mkwe aliinuka akaingia ndani. Wiki ile akarudi Mtwara. Hakuwahi kuyafuta maneno yake, na wala sikumtaka ayafute. Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu. Maneno ya jicho yalikufa kwa namna maneno kama hayo yanavyokufa, mwanamke mmoja akapatwa na uchungu usiotarajiwa, gari halipo, na watu wakakimbia kumgongea Mkunga kama zamani. Alikwenda. Inasemekana alipoingia mle ndani neno lake la kwanza lilikuwa, "Funika uso basi, nikutazame tumbo."

Likizo ikaisha nikarudi darasani. Niliendelea hivyohivyo, ganzi, nikifundisha kujumlisha na kutoa. Mkunga hakuacha kuja. Vilikuja vitabu vingine kutoka Lindi, vya mabondia, vya mwendesha baiskeli mmoja aliyempenda mke wa kocha, hakuna kilichofikia kile cha Zege. Nilipata mimba tena na hakuitazama hata siku moja. Alipokuja aliketi akanielekea ubavu. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, Mkunga akamshika, akamgeuzageuza, akasema, "Huyu kipa," akanirudishia.

Tukahamia Mingoyo, mume wangu alipopata kazi kwenye chumvi ya upande wa Lindi. Mkunga naye miguu ikaanza kumvimba, mpwa wake akamchukua akakae naye Rutamba. Kutoka kwetu siyo mbali, na bado nilipitisha miaka miwili nikisema nitakwenda.

Nilikwenda Jumamosi moja kwa pikipiki. Nilimkuta barazani kwa mpwa wake, amenyoosha miguu kwenye mkeka, anachambua mbaazi. Alikuwa amepungua sana. Sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa, usinizibie mwanga."

Niliketi, nikachota mbaazi nikaanza kuchambua naye. Tuliongea habari za Kivinje, nani kazaa, nani kahama, timu imefungwa na nani. Nilikuwa nimelitayarisha neno moja njia nzima, nikaona nisipolitoa nitarudi nalo.

"Bibi, siku ile mama mkwe alipokufukuza, nilinyamaza."

"Nakumbuka."

"Nisamehe."

Alitupa kijiwe nje ya ungo. "Nilikutazama siku ile. Nikaona mle ndani hakuna mtu. Ningemkasirikia nani?"

Tukachambua. Mpwa wake alipita na ndoo akatusalimu. Nilikuwa nimemaliza nililojia, na ningeweza kusimama. Badala yake nikasikia nauliza jambo ambalo sikulitayarisha, ambalo kwa miaka yote ile sikumuuliza mtu yeyote, hata mwenyewe nafsini.

"Bibi, ulimwona?"

"Nani?"

Alijua. Alitaka nimseme.

"Mwanangu. Yule wa kike."

"Nilimwosha mimi. Mimi na nesi mmoja wa zamu."

Mbaazi zilikuwa mkononi mwangu. Nikazishika.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wako wasiotaka kujua, ukiwaambia umewachoma. Wako wanaotaka. Mtu hawezi kuwatambua kwa kuwatazama, nami nimetazama wengi." Aliinua ungo akapepeta mara mbili, maganda yakaruka. "Nikasema nitakaa karibu, siku akiuliza anikute. Ukachelewa. Nikahamia huku."

"Niambie sasa."

Akauweka ungo chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiacha kazi kwa ajili ya maneno.

"Alikuwa mkubwa. Mzito mkononi, mtoto aliyeshiba. Nywele nyingi, zimeshuka mpaka hapa, kisogoni. Vidole vya miguu vimeachana, kidole gumba kiko peke yake. Mdomo kama wako ukikasirika. Na sikio moja lilikunjika huku juu, kama ukosi wa shati. Nikalinyoosha kwa kidole, likajikunja. Nikalinyoosha tena, likajikunja. Nikamwambia haya, bibiye, kaa hivyo basi."

Alinitazama kidogo, kisha akasukuma ungo wote upande wangu, akaegemea ukuta akafumba macho, na mimi nikamalizia mbaazi zote peke yangu, punje kwa punje, mpaka hakuna kijiwe kilichobaki. Nilipomuaga alisema nimsalimie kipa. Mwezi haukuisha mpwa wake akatupigia simu.

Lakini siku ile nilirudi Mingoyo jua bado liko juu. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni anashona chandarua kilichochanika, mtoto wetu amelala ndani. Nilivua viatu nikakaa chini karibu naye. Nilitaka kuanza kwa habari za safari, za Rutamba, za miguu ya Mkunga.

"Mtoto alikuwa na sikio lililokunjika," nikasema.

Hakuniuliza mtoto gani. Alivuta uzi mpaka ukaisha, akauacha mkononi.

"La kushoto," akasema.